Siku Maziwa Yalipokaa Kando ya Chai

Sisi tuliokulia kwa plot za Kabiro, vile vyumba vya mabati vya kupanga vilivyobanana, tulijua chai ni moja tu: maji, maziwa, majani na tangawizi ndani ya sufuria moja, inapanda ikitaka kumwagika, unainua, unarudisha. Harufu ikifika mlango wa tatu, watoto wote tuliacha mchezo katikati tukakumbuka tumeitwa nyumbani. Chai ya rangi tuliinywa pia, lakini wenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Ukimpa mgeni hiyo, umemwambia aende zake.

Sasa fikiria mshtuko wangu siku wazazi wa Mutua walipotoka Machakos kuja kumposea mtoto wao dada yangu Mwende. Mwende alipenda vitabu vya hadithi vya kuazima kanisani, na humo mabibi wa Kizungu walikunywa chai, maziwa yamekaa kando kwa kijagi. Akaona wageni wazito kama hawa wanastahili heshima hiyo. Akaingia na birika. Chai nyeusi tititi!

Mama akashika kifua. "Ngai! Mwende, umetumaliza."

Baba Mutua alichungulia kikombe kama ameona mjusi ndani. Mimi nikajua ndoa imekwisha, na lile rinda jipya nililoahidiwa limeenda nayo.

Ndipo Mama Mutua akainuka, akajifunga leso kiunoni. Akaonyesha kijagi, akaonyesha birika. "Hawa bado hawajajuana. Wacha niwajulishe. Mama Mwende, sufuria iko wapi?"

Alimwaga vyote pamoja, akachochea jiko mwenyewe. Mwende alikuwa anaponda tangawizi huku analia. "Lia pole pole, mwanangu," Mama Mutua akamwambia, "chai haitaki chumvi." Tulicheka mpaka jirani akagonga mabati. Na mama mkwe akishapika kwa jiko lenu, mtakataana vipi tena?

Juzi nilimtembelea Mwende kwake, huko mtaa wa 56. Binti yake, macho kwa simu, akaniletea kikombe cha maji moto na kamfuko ka majani kenye uzi, kama panya aliyezama akaacha mkia nje.

"Anti, maziwa ndiyo hayo. Jichanganyie."

Haki nilishtuka! Siku hizi hata chai mgeni anapewa aimalizie mwenyewe? Nilimtazama Mwende. Yeye alikuwa anatazama kile kiti alichokalia Mama Mutua kila alipokuja, ambacho tangu tumzike hakikaliwi na mtu. Tukangoja, kama wajinga, mtu ainuke.

Basi nikajifunga leso mimi. "Mwanangu, weka simu chini. Sufuria iko wapi?"