Miti Imeota Jikoni Kwetu

Mtaa ule wa miti juu ya bandari unanukia maua mpaka saa nne asubuhi. Jua likikolea ndipo unajua ukweli: vyoo vya majumba yote vinashuka na bomba moja mpaka majini, chini ya bustani. Wenyewe wanafunga madirisha, wanasema ni harufu ya bahari. Bahari gani inanuka hivyo?

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, amefagia majani pale miaka ishirini na sita. Wenzake wanasukuma majani kufuata mteremko: barabara ya juu, ya kati, ya chini, kazi imekwisha. Yeye anaanza na kila mti. Anafagia mraba kuuzunguka, hatua nne kwa nne, paking'aa ndipo anagusa barabara. Nilimuuliza sababu, akaniangalia kana kwamba nimeuliza kama maji yanalowesha.

"Si jikoni hapa? Sasa nianzie wapi?"

Zamani mteremko wote ulikuwa nyumba za mafundi wa meli, mbao na mabati, zimebanana mpaka gatini. Wakaambiwa hameni, wakatupwa nyuma ya reli. Nyumba zilipovunjwa, wakaitwa haohao, bila haya, wawe vibarua wa kupanda miti. Ardhi yenyewe mwamba. Palipochimbika ni penye majivu ya miaka, yaani jikoni. Kwa hiyo kila mti umesimama juu ya jiko la mtu, ndiyo maana mistari haikunyooka. Ule wa kwenye kona aliupanda bibi yangu, jikoni kwake mwenyewe, na mama mkubwa, akiwa na miaka tisa, ndiye aliyebeba ndoo ya maji.

Mwaka huu kamati ya wakazi ikataka ubao wa historia. Katibu akamfuata na kalamu.

"Mama, wewe ndiye hazina yetu."

Kilemba cha ukoka hicho, naye akakivaa. Asubuhi tatu alimtembeza mti kwa mti: hapa kwa fundi bomba, hapa kwa mama mapacha, hapa kwa Kikohozi. Hakuomba hata soda. Aliomba ubao useme kwamba hapa waliishi watu.

"Hilo tu?"

"Hilo tu, mwanangu."

"Limekwisha hilo, mama."

Jumamosi wakauzindua, palepale kwenye kona. Mama mkubwa alivaa gauni lake la harusi za watu, ufagio kauegemeza ukutani. Kitambaa kikavutwa. Nikamsomea: "Mteremko huu ulikuwa mtupu. Waanzilishi wetu walipanda miti, ikastawi kwa rutuba ya asili ya udongo."

"Rudia."

Nikarudia.

"Majivu yetu wameyachukua," akasema. "Sisi wametuacha."

Mwenyekiti akasogea kwenye shina la mti, glasi ya juisi mkononi, akakohoa ili ahutubie.

"Mwenyekiti!" mama mkubwa akaita. "Umesimama jikoni kwa mama yangu. Vua viatu."

Mwenyekiti akacheka, basi wote wakacheka, wakapiga makofi. Mwanamke mwenye mbwa akasema, "Jamani, huyu mama ana vituko!" Mbwa wake akainua mguu, akakojolea mti. Hakuna aliyemfukuza. Katibu alikuwa anachungulia glasi yake kama ameangusha jino humo.

Mama mkubwa akachukua ufagio. "Sogea. Wewe pia, sogea." Akawafagia na viatu vyao mpaka nje ya mraba.

Jumatatu katibu akamletea kitambaa: ubao ufutwe vumbi kila siku.

"Futa mwenyewe," akamwambia. "Si umeandika wewe?"

Tangu siku hiyo anafagia miraba tu. Barabara zimezama kwenye majani, na ukisimama juu unauona mtaa wote wa zamani, jiko kwa jiko.

Juzi likaja onyo, lina muhuri wa kamati na sahihi ya katibu. Mama mkubwa akanipa nisome: "Umekuwa ukifagia sehemu za majiko peke yake na kuacha barabara."

"Za nini?"

"Za majiko."

"Kaandika hivyo? Kwa mkono wake?"

"Na muhuri juu."

Akaikunja ile barua taratibu, akaitia kifuani.

"Kaninunulie gundi," akasema. "Ile ya fundi, isiyobanduka kwa mvua. Ule ubao una nafasi pale chini."