Viti Uani kwa Mama Clara

Mimi bahari naiogopa hata nikiwa nimesimama mchangani Mbezi Beach, viatu mkononi. Ndiyo maana sikuwahi kumwelewa jirani yangu Apolonia, Mama Clara, mwalimu wa shule ya msingi huko Wazo, alivyoweza kuolewa na fundi wa injini za meli na bado akapata usingizi. Mwaka huu usingizi wenyewe ulimwisha.

Meli ya mumewe, Revelian, hubeba gesi, na kuifuata gesi hiyo lazima ipite mlango wa Hormuz, kule Uarabuni, ambako wakubwa wanagombana na bahari ni nyembamba. Kabla hawajaingia alimpigia mkewe. Apolonia akamuuliza, si manowari zipo, kubwa kama maghorofa, zinawalinda?

"Zipo," Revelian akasema. "Manowari inajua kupigana na manowari nyingine. Lakini kiboti cha watu wawili kikijichanganya na viboti vya wavuvi, utakijuaje? Droni je? Na bomu lililofichwa majini? Sie tukitoka huko tumejaza gesi, Mama Clara. Cheche moja tu."

Kapteni alikuwa amewaambia kwamba asiyetaka aseme, atapandishwa ndege arudi kwao. Apolonia akamsihi mumewe ashuke. Akagoma. Eti anayeshuka leo, kesho nani atamwita kazini? Mkaidi yule, ukimwambia mvua inanyesha anatoka nje kuhakikisha. "Acha woga," akamwambia mkewe, akaaga.

Apolonia ana ramani kwenye simu inayoonyesha meli zilipo. Ya Revelian ni kidoa chekundu. Alikuwa akikitazama jikoni, njiani, hata darasani akiwapa watoto mgongo. Siku walipoingia mlangoni, kidoa kikapanda nchi kavu. Meli nzima inazunguka jangwani! Alikuja kwangu mbio, akanionyesha. Nikamwambia labda ni mtandao. Baadaye tuliambiwa kuwa huko watu huvuruga mawimbi makusudi ili meli zisijue zilipo, lakini siku ile nilisema tu, sikujua kitu. Hata chai hajaimaliza, kidoa kikafutika kabisa.

Kesho yake alikwenda kazini hivyo hivyo. Njiani alipita kwa Mama Gladness, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, akaomba wamwombee mumewe. Mama Gladness ni mwanamke wa vitendo. Akaamua sala ifanyike jioni nyumbani kwa Apolonia, akampigia kumwarifu, simu haipatikani. Ilikuwa imeishiwa chaji kwa kutazamwa. Basi akatuma viti na turubai kwa kirikuu, kile kigari cha mizigo, pamoja na vijana wa kulifunga, vitangulie, mwenyewe akabaki kuwakusanya wenzake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Huku kwetu Goba, ukiona turubai limefungwa uani kwa mtu na viti vimepangwa, huulizi. Unajifunga khanga, unabeba sufuria kubwa, unakwenda. Kumuuliza mfiwa nani amekufa ni ukosefu wa adabu. Unakaa, habari itakufikia. Na mimi nilikuwa naijua ile meli ya jangwani! Nikaenda na sufuria yangu, machozi yananitoka. Wengine wakaniona mimi, wakaja. Kuna aliyempigia mama yake Revelian, aliyekuwa kwa binti yake Mbezi Beach, akamwambia yale maneno tunayoambiana siku zote mtu akifa: "Njoo nyumbani." Bibi wa watu akaelewa.

Apolonia akashuka kwenye bodaboda pale getini. Akaliona turubai. Akatuona sisi na khanga zetu. Hakuuliza. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa, maana kabla hajauliza Revelian alikuwa bado yu hai kidogo. Akaketi chini, akapiga ukelele, na ukelele ule ukatuthibitishia sisi sote. Mama mkwe akafika, akajitupa mkekani akimwita mwanawe kwa Kihaya. Mama Gladness akafika na rozari mkononi, akasikia vilio, akadhani habari mbaya imemtangulia, naye akaangua kilio. Uani kote hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kitu, na wote tulikuwa na hakika.

Nikachukua simu ya Apolonia nikaichomeka kwenye chaji, maana ndugu wangepiga. Ikawaka, na haikuchukua muda ikaita. Kwenye kioo kuna jina: Baba Clara.

Nilidhani ni mtu wa melini anatumia simu ya marehemu. Nikapokea.

"Mama Clara, mbona hupatikani?" Sauti yake hasa. "Tumepita! Tuko bandarini."

Nikampelekea mkewe simu. Apolonia akasikiliza, mdomo wazi, machozi yanamtiririka. Nikangoja ashangilie. Badala yake akauliza kwa sauti iliyokauka, "Mnatoka lini?"

"Tukishapakia gesi. Njia ni ileile. Acha woga, bwana."

Apolonia akaweka simu kwenye spika, akaisogeza karibu na mama mkwe wake aliyelala kifudifudi akilia, akaishikilia pale pale.

"Nani huyo analia?" Revelian akauliza. "Apolonia? Ni mama huyo? Kafa nani?"

"Wewe," mkewe akasema.

Tukaacha kulia, mmoja baada ya mwingine. Kwenye simu zilisikika injini tu, zinanguruma.

"Mama," sauti ikaja, na haikuwa na ukaidi tena. "Shikamoo, mama."

Bibi akainua kichwa, akaitazama ile simu. Nikamshika mabega.

"Marahaba," akasema. "Njoo nyumbani."

"Nakuja, mama. Nakwenda kwa kapteni sasa hivi."