Mikanda ya Sare

Ilitangazwa rasmi, ikaandikwa kwa rangi ukutani juu ya mlango wa ofisi, kwamba mkono wa kulia ndio mkono wa nidhamu, na kwamba shule hii haijawahi kutoa mhitimu wa kushoto.

Mama Cherehani, kama majirani wanavyomwita, alisoma hapo hapo. Enzi zake walimchapa vidole mpaka vikakubali. Hadi leo anaandika kwa kulia, herufi zikipandana migongoni. Kukata kitambaa ni habari nyingine. Fundi aliyemfunza kazi alijali nguo, hakujali mkono, na mkasi ukahamia kushoto wenyewe, kama mpangaji aliyerudishiwa chumba chake. Baadaye shule ikampa kazi ya kushona sare, maana mtaa mzima hakuna anayekata akanyoosha kama yeye. Anakata kwa mkono upi, hilo halikuulizwa.

Jioni moja bintiye alirudi na alama nyekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Mwalimu wa darasa alikuwa ameufunga mkono kwenye dawati, kwa mkanda wa sare ya mtoto mwenyewe. Mama akauchukua ule mkanda, akaukagua. Mshono ulikuwa wake, tena wa mara mbili, ili usikatike.

Asubuhi aliingia ofisini bila kuitwa. Mwalimu mkuu alimpokea kwa upole wa mtu mwenye sheria ukutani. Akamweleza kuwa kulea kuna maumivu yake. Mbona yeye mwenyewe alinyooka?

"Sikunyooka, mwalimu. Nilijificha. Hizo sare unazozikagua paredi, zote nimezikata kwa huu." Akauweka mkono wa kushoto mezani, kati ya kengele na kikombe cha chai.

"Mama, sheria ni ya wote."

"Sawa. Ila mkono wa mwanangu haufungwi tena."

Mwalimu mkuu akaahidi kulifikisha kwenye kikao. Kikao kikalipokea, kikalijadili kwa kina, kikaagiza maneno ya ukutani yapakwe rangi upya.

Muhula uliofuata sare mpya zilifika kwa wakati, zimepigwa pasi, kiunoni zimetiwa mpira ndani kwa ndani. Darasani, binti alishika kalamu kwa kushoto. Mwalimu wake alizikagua zile sare moja moja, mbele na nyuma.

Hazikuwa na mikanda.