Maji ya Majivu ya Mwalimu Theodora

Mwalimu Theodora alizaliwa Lulindi, akalelewa na kanisa na jembe kwa pamoja, kisha akaja kufundisha baiolojia kwenye sekondari yetu iliyojengwa na wazazi, nje kidogo ya Newala. Ilikuwa miaka ile kila kitu kimekuwa ruksa. Mitumba ruksa, redio kaseti ruksa, hata kununua korosho za wakulima kukawa ruksa kwa yeyote mwenye lori. Kuanzisha shule nako ruksa. Vifaa vya maabara tu ndivyo havikusikia habari hiyo. Tulikuwa na hadubini moja ya kutumia mwanga wa jua, na siku ya mawingu hatukuwa na kitu.

Mimi nilifundisha siasa, somo lililobadilishwa jina na mambo yake yote huku nimesimama ubaoni. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuchungulia shughuli za wenzangu. Shughuli za Theodora zilikuwa vyura.

Mvua zikianza, alikwenda alfajiri kwenye mashimo ya wafyatua matofali, ameshika upawa na beseni, akachota mayai ya vyura yaliyojaa utelezi. Akina mama waliopita na ndoo zao hawakumwacha salama.

"Shikamoo Mwalimu. Leo mboga gani hiyo?"

"Marahaba. Hawa si mboga, ni wanafunzi wangu wapya."

Darasani alieleza mambo hayo mpaka nami nikawa nasimama dirishani kusikiliza. Yai moja hugawanyika likawa seli mbili, mbili zikawa nne, hadi likawa bonge la seli nyingi. Bonge hilo halisambaratiki, alisema, kwa sababu kila seli ina protini zilizochomoza nje zikamng'ang'ania jirani. Zipo na protini nyingine ambazo kazi yake ni kupeleka habari: wewe utakuwa mgongo, wewe tumbo, wewe subiri kwanza.

"Na seli isiyosikia, Mwalimu?" msichana mmoja akauliza.

"Inaharibu chura mzima. Ndiyo maana nakwambia uache kuongea na jirani yako."

Ndipo Mwalimu Nurdin, mkuu wetu wa shule, akatutangazia kwamba mkaguzi anakuja kutoka mkoani. Shule isiyoweza kufanya jaribio hata moja la maana ingefutiwa masomo ya sayansi. Wasichana wa Theodora walikwisha kujigawia uuguzi na udaktari kabla hata ya mtihani, na sasa wangebaki na historia na mimi. Niliwaonea huruma kwa dhati.

"Aje tu," Theodora akasema. "Nitamtenganishia seli za kiinitete cha chura, halafu nitaziacha zishikane zenyewe mbele ya macho yake."

Dawa za kazi hiyo hatukuwa nazo, ila majivu tulikuwa nayo. Maji yaliyochujwa kwenye majivu ni makali, na ukali huo huzilegeza zile protini, seli zikaachiana. Ukiwahi kuzirudisha kwenye maji ya kawaida, zinapaswa kutafutana upya. Theodora akachuja maji yake ya majivu, akayajaza kwenye chupa ya soda, akaiweka mezani karibu na hadubini.

Mkaguzi, Bwana Gervas, alitazamiwa mchana. Akaingia asubuhi, koti limejaa vumbi la barabara ya Masasi. Jikoni kukawa patashika, maana njugumawe za mgeni zilikuwa bado ngumu kama changarawe. Mpishi wetu, Mama Hamidu, alijua kama mpishi yeyote kwamba maji ya majivu hulainisha njugumawe upesi. Akakumbuka aliyaona wapi.

Sasa, mtu asiyekaa uwandani kwetu hawezi kuelewa. Huku juu maji hupandishwa kwa taabu kutoka mabondeni, na ukiazima maji ya mtu, unayarudisha siku ileile, ujazo uleule, bila kukumbushwa. Asiyefanya hivyo hupewa majina mpaka wajukuu zake wakayarithi. Mama Hamidu ni mtu wa heshima. Alimimina yale ya majivu kwenye sufuria yake, akaijaza chupa maji safi ya bomba mpaka shingoni, akairudisha palepale.

Theodora alikivua kiinitete utando wake kwa sindano, mkono umetulia, akakitia kwenye maji ya chupa. Mkaguzi akainamia hadubini. Tukangoja. Tukangoja tena.

"Zimeachana?" akauliza Mwalimu Nurdin.

"Zimeng'ang'aniana vizuri sana," akasema mkaguzi.

Theodora akachovya kidole kwenye chupa, akaonja. Uso ukambadilika. "Mama Hamidu!"

Mpishi akaja akijifuta mikono kwa kanga. "Nangu, mimi, sijaiba, Mwalimu! Nimeazima na nimerudisha. Tena yako yalikuwa na rangi ya chai, mimi nimekupa meupe!"

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Theodora hakucheka. Alikimbilia jikoni mwenyewe, akazoa majivu, akayachuja kwa kitambaa, akaonja akakunja uso, akarudi na kiinitete kingine. Safari hii seli zikaachana moja moja kama punje za wali uliopikwa na mtu anayejua kupika.

"Kubomoa si kazi," mkaguzi akasema. "Zikishikana tena, sayansi inabaki. Zisiposhikana, Mwalimu, tusidanganyane."

Theodora akazihamishia kwenye maji ya bomba kwa mrija mwembamba. Dereva akapiga honi, mkaguzi hakusikia. Njugumawe zikaiva, zikapoa. Wasichana walijazana mlangoni wakisahau hata kusukumana, na mimi mtu wa siasa nikajikuta naziombea seli za chura kwa Mungu.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa pili wa dirisha mkaguzi aliposhtuka.

"Mbili zimegusana. Haya, na nyingine hiyo! Mwalimu, zinavutana! Jamani, zinafanya bonge!" Akampungia mkono Mwalimu Nurdin bila kuinua kichwa. "Sayansi ibaki, ibaki, nani atafuta sayansi hapa?"

Wasichana wakapiga vigelegele. Mama Hamidu naye akapiga, bila kujua ni vya nini. Theodora alikuwa amesimama nyuma ya mkaguzi muda wote, mikono kifuani, machozi yanamtoka asiyafute. Mwishowe akamgusa bega.

"Tafadhali, Mkaguzi, nipishe kidogo," akasema. "Kuachana nimeshakuona mara nyingi chumbani kwangu, kisha zinakufa. Kushikana nimekusoma vitabuni tu."

Mkaguzi akainuka haraka, akamsogezea kiti.