Mwenye Kope Ndefu

Baba alipojenga Kitengela, miaka ya tisini, aliweka vioo vyeusi madirishani ili wapita njia wajue kwamba mwalimu naye anajiweza. Mbele yetu palikuwa na nyasi na swala tu. Sijui alikuwa akimringia nani.

Kisha Mama akaugua. Alilala ameelekea ukutani, pazia limefungwa, hali chakula, hasemi. Asubuhi moja tukasikia kioo cha chumba chake kikigongwa polepole, kama mgeni mwenye adabu. Nje alisimama ndege mkubwa kama bata mzinga, mweusi tititi.

"Huyo amekuja kumchukua," Baba alisema. "Akigonga tena kesho, tunampeleka nyumbani."

Nyumbani ni Kakamega. Kwetu, mgonjwa aliyekatiwa tamaa hurudishwa akafie kwao. Lakini Mama alikuwa ndiyo kwanza ameanza dawa, na safari ya kutwa nzima kwenye pikapu ingemmaliza. Nilikasirika.

Kulipopambazuka nilijibanza nyuma ya tangi la maji, nikamngoja. Alikuja kwa miguu. Mdomo mrefu, mzito. Kooni ngozi tupu, nyekundu ndi, inaning'inia. Halafu kope: ndefu, zimejikunja kama za bibi harusi. Hizo ziliniogopesha kuliko mdomo. Akainamisha kichwa, na sura yake kiooni ikainamisha pia. Akaigonga.

Nilimrushia kokoto. Aliporuka, mbawa zilifunguka, na nchani zilikuwa nyeupe pe. Hapo nikamjua. Nilishamwona kwenye picha za ndege ukutani darasani.

"Baba, ni mumbi tu, ndege wa nyikani," nilimwambia. "Anajiona kwenye kioo chako, anadhani ni dume mwingine."

"Na hii nyumba yote iko na vioo. Mbona anagonga cha mgonjwa peke yake?"

Nilichota matope nikakipaka kioo chote, nikamsihi Baba angoje kidogo tu. Akanuna, lakini akangoja. Ndege hakugonga tena.

Siku chache baadaye Mama aligeuka, akaomba uji. Nilimnywesha, kisha nikafungua pazia. Aliyatazama yale matope.

"Ameenda yule wa kope ndefu?"

Habari za kope sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Ameenda, Mama."

"Afadhali," alisema. "Nilimwambia arudi peke yake."