Shoka Jipya Lililotakiwa Lizeeke

Mwanamke mmoja wa Olumbi aliniletea shoka karakanani kwangu Palma, amelifunga ndani ya kanga. Lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya utamaduni, kwa kuiga mashoka ya wazee. Mpini umepasuka, chuma kimepakwa rangi ya fedha.

"Litengeneze, fundi. Halafu lizeeshe."

"Kiasi gani, dada?"

"Kama la mtu aliyekufa kabla hatujazaliwa."

Nilipomuuliza la nini, akatazama pembeni. "La nyumbani." Nikajua huyu ana mgeni wa kumuuzia kitu kipya kwa jina la kale. Nikaipokea kazi kwa sharti kwamba nitalipeleka mwenyewe. Alinuna, kisha akakubali. Kule kununa kukanizidishia shaka.

Nilikwangua rangi, nikakilaza chuma katika siki na chumvi mpaka kikashika kutu, nikakisugua kwa masizi na mafuta ya nazi. Nikachonga mpini mpya na kuupaka chai nzito. Kwenye mkia wa chuma, sehemu inayozama ndani ya mpini, nikapiga nukta tatu kwa msumari. Akimdanganya mtu, nitakuwa na ushahidi.

Kule Olumbi sikukuta mgeni yeyote. Uani kulikuwa na bibi mmoja tu, mama yake, amekaa mkekani, macho yameingia ukungu.

"Nyumba iliungua tulipokimbia vita," yule dada alininong'oneza. "Kila siku analiulizia shoka la babu." Kisha akapaza sauti: "Mama, lile shoka limepatikana!"

Bibi alilipapasa, akalipima kwa mkono, akalinusa.

"Linanuka siki. Nani kalitengeneza?"

"Mimi, bibi," nikasema.

"La babu yenu lilikuwa zito kuliko hili. Mnadhani nimesahau?" Binti akaanza kulia. Bibi hakumgeukia. Alininyooshea shoka. "Linakata?"

"Bado sijalinoa."

"Basi linoe. Kuni zile pale, hazina wa kuzipasua."

Nililinoa mpaka kutu yote ya makalini ikatoka, nikapasua kuni hadi adhuhuri. Yule dada aliponiletea maji, aliniuliza, "Fundi, ulinidhania tapeli?"

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

Alisema amenisamehe. Lakini nilipoaga hakunisindikiza, hata hadi barabarani.