Kilo Tatu za Mlima wa Subukia

Kuna siku moja haijanitoka akilini, mwanangu, na nikikusimulia usinicheke mapema. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kijana pekee wa barabara yetu ya Subukia aliyefaulu fizikia, na kichwa kilikuwa kimevimba kama andazi. Wakulima wakanipa kazi ya karani wa mizani kwenye ghala la mahindi. Mizani yenyewe ilikuwa ile ya kuning'iniza, yenye springi ndani na mshale usoni. Nikishapima gunia, Kiprono mpakiaji alilibeba hadi kwenye lori, akapanda nalo mlima mpaka kwenye kinu cha unga kule Nyahururu.

Wiki moja magunia yakaanza kufika juu yakiwa yamepungua kilo tatu kila moja. Wakulima wakaitisha mkutano, wakaniuliza kama mizani iko sawa. Hapo ndipo nilipopaswa kusema, ngojeni nikaangalie. Badala yake nilisimama nikawafundisha. Niliwaambia kwamba kitu kikipanda juu, mvuto wa dunia juu yake hupungua, kwa hivyo gunia likifika mlimani lazima liwe jepesi. Wazee wakaitikia kwa vichwa, maana aliyesoma hapingwi ovyo. Mwenye kinu peke yake ndiye aliyecheka.

"Ni mlima gani hiyo inakula kilo tatu?" aliuliza. "Kama mizani iko sawa, basi kuna mtu anachota njiani."

Wote wakamgeukia Kiprono. Alifutwa kazi jioni hiyo hiyo, baba wa watoto wawili, nami nikaenda nyumbani nikala githeri yangu.

Kesho yake asubuhi alikuja ghalani shosho, mama wa baba yangu, ambaye hakuwahi kukalia dawati. Alisimama chini ya mizani akaitazama kwa muda mrefu. Siku chache kabla magunia hayajaanza kupungua nilikuwa nimetoa kamba kuukuu ya kuning'inizia magunia na kufunga mnyororo mzito, nikasahau kurudisha mshale kwenye sufuri.

"Hapa hakuna gunia," alisema, "na mshale imefika tatu. Inapima nini?"

Nikaanza tena habari za dunia na mvuto wake. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Ile kitu ulisema jana ni ya ukweli, mwalimu wako hakukudanganya. Lakini hukuisema kwa sababu ni ya ukweli. Uliisema ndio usiulizwe."

Mwanangu, niliona aibu. Mlima ule hulipunguzia gunia uzito wa punje zisizojaa hata kiganja, na hesabu hiyo niliijua hata nilipokuwa nikihutubu. Zile kilo tatu zilikuwa za mnyororo wangu.

Niliwaambia wakulima siku hiyo hiyo, kisha nikamtafuta Kiprono. Nilimkuta huko Kariandusi, kwenye machimbo ya udongo mweupe, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Nilimweleza yote, naye akanisikiliza akiwa ameegemea koleo lake.

"Mimi nilingoja tu mtu mmoja aseme mizani iangaliwe," alisema. "Na mwenye mizani ulikuwa wewe."

Alinisamehe, tukashikana mikono. Lakini Subukia hakurudi tena, na watoto wake walikulia huko kwenye vumbi. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ninyi vijana wa leo mna majibu yote kwenye simu zenu, na mimi siyachukii, someni. Ila ukiulizwa juu ya kazi ya mikono yako, usikimbilie ukweli mkubwa ukajifiche nyuma yake. Kaangalie mizani yako kwanza, halafu ndipo ufundishe watu.

Mungu akupe elimu, mwanangu, akuzidishie. Na siku utakapokosea, akupe ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi" kabla mtu mwingine hajabebeshwa mzigo wako.